Mchochota kwa mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa: ulinganisho wa tiba zilizopo

Neno uvimbe, kwa jinsi tunavyolitumia, hubeba mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. La kwanza ni maji yaliyojikusanya mwilini: miguu imejaa, viatu havivaliki ifikapo jioni, na ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu kisha ukaachia, kishimo hubaki pale pale kwa sekunde kadhaa. La pili ni kile ambacho watu wa tiba hukiita mchochota, yaani hali ya kinga ya mwili kuwashwa, seli nyeupe za damu kukusanyika na kemikali zake kumwagika, iwe ni kwenye kiungo chenye jongo, kwenye mapafu yenye nimonia au kwenye msuli wa moyo wenyewe. Mtu anayeambiwa kwamba ana uvimbe, kisha akaenda duka la dawa kuomba dawa ya kuushusha, anaweza kurudi nyumbani na diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hutuliza mchochota lakini huzuia maji yasitoke, na baada ya siku chache miguu huwa imejaa kuliko ilivyokuwa. Makala haya yanalinganisha tiba za uvimbe wa aina ya pili, nao nitauita mchochota tangu hapa hadi mwisho.

Kwamba mchochota na moyo ulioshindwa huandamana si jambo jipya. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya, hasa wale waliokonda sana, walikuwa na kiwango kikubwa cha TNF katika damu, moja ya kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Vyanzo vyake ni vingi. Msuli wa moyo ulioumia huita seli za kinga. Utumbo uliojaa maji hupitisha sumu za bakteria kuingia kwenye damu. Mafuta ya tumboni hutoa kemikali zake. Na juu ya hayo huja maambukizi, jongo, au ugonjwa wa baridi yabisi ambao mgonjwa alikuwa nao tangu zamani. Kipimo cha CRP, protini inayotengenezwa na ini, kitasema kuwa moto unawaka, lakini hakitasema unawaka chumba gani.

Ndiyo maana ninazipima tiba zote kwa maswali mawili, na la pili lina uzito kuliko la kwanza. Je, dawa inapunguza mchochota? Na je, inampunguzia mgonjwa kulazwa, kufa, au kukosa pumzi anapopanda ngazi? Makosa mengi ya miaka thelathini iliyopita yalitokana na kudhani kwamba jibu la ndiyo kwa swali la kwanza linatosha kujibu la pili.

Goti lililowaka usiku: dawa tatu mezani

Nianze na hali ambayo wagonjwa wengi hukutana nayo kabla hawajasikia habari za dawa mpya za kutuliza kinga. Dawa za kukojoza kama furosemaidi hupandisha asidi ya yuriki, ambayo fuwele zake kwenye viungo ndizo huleta jongo, kwa hiyo jongo ni jirani wa karibu wa moyo ulioshindwa. Mgonjwa anaamka usiku, kidole gumba cha mguu au goti limekuwa jekundu na la moto, na hata shuka likiligusa hawezi kuvumilia. Mbele yake kuna makundi matatu ya dawa.

Kundi la kwanza ni dawa za maumivu zisizo na steroidi: diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni na jamii yake. Kwa goti zinafanya kazi vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Figo za mgonjwa wa moyo hupata damu kidogo, nazo hutegemea kemikali ziitwazo prostaglandini ili mishipa yake ibaki wazi. Dawa hizi huzuia prostaglandini hizo, chumvi na maji vinabaki mwilini, na furosemaidi inapoteza makali. Mgonjwa akiwa anatumia pia dawa za kundi la enalapril au losartani, figo hubanwa kutoka pande zote. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa katika nchi nne za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha matumizi ya karibuni ya dawa hizi na ongezeko la asilimia 19 la kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa. Miongozo ya Ulaya na ya Marekani inashauri ziepukwe, nami sioni sababu ya kuzungukazunguka: kwa mgonjwa huyu ndizo chaguo baya kuliko yote, na ubaya wake huongezeka kwa kuwa hupatikana bila cheti. Aspirini ya dozi ndogo, iliyoandikwa na daktari kwa ajili ya mishipa ya moyo, ni habari nyingine, na mgonjwa asiiache kwa sababu ya aya hii.

Kundi la pili ni steroidi, kwa kawaida prednisoloni ya miligramu 30 hadi 35 kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Inatuliza goti kwa uhakika, lakini hubakiza chumvi na maji, hupandisha sukari, na inaweza kushusha potasiamu ambayo furosemaidi tayari inaimwaga kwenye mkojo. Siku tano si miezi mitano. Mgonjwa aliye imara, anayejipima uzito kila asubuhi na anayejua la kufanya mizani ikipanda, anaweza kuzivuka salama. Mgonjwa ambaye wiki iliyopita ametoka wodini akiwa bado amejaa maji ni mtu tofauti.

Kundi la tatu lina dawa moja tu, kolchisini. Haibakizi maji, haipandishi sukari, na ikianzwa mapema, hasa ndani ya saa 12, dozi ndogo inatosha: miligramu moja, kisha nusu miligramu baada ya saa moja. Kwa goti la mgonjwa wa moyo, hii ndiyo ningeanza kuiuliza. Lakini nayo ina masharti yake. Ikiwa figo zimechoka, dawa hujilimbikiza. Ikichanganywa na klarithromaisini, verapamili au baadhi ya dawa za fangasi, kiwango chake katika damu hupanda hadi kuwa sumu. Na kuharisha, ambako ni athari yake ya kawaida, humkausha mtu ambaye tayari anakunywa dawa za kukojoza. Anayeharisha mara tano kwa siku huku akiendelea na furosemaidi ileile amebadilisha tatizo moja kwa lingine.

Wapo wanaokimbilia paracetamoli kwa kuwa imesifiwa kuwa haidhuru moyo. Ni kweli kwamba inatuliza maumivu bila kugusa figo kwa namna ile, ingawa mchochota wenyewe haiuzimi. Hata hivyo aina inayotoa povu kwenye maji ina takriban miligramu 400 za sodiamu katika kila kidonge, na mtu aliyeambiwa apunguze chumvi anaweza kunywa vinane kwa siku bila kujua kwamba amejirudishia chumvi yote aliyoiacha kwenye chakula.

Dawa zinazolenga kemikali moja: TNF dhidi ya interleukini-1

Baada ya TNF kuonekana katika damu ya wagonjwa, hatua iliyofuata ilionekana kuwa ya wazi: izuiwe. Etanersepti ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,048 katika majaribio mawili ambayo matokeo yake yaliunganishwa na kuchapishwa mwaka 2004. Majaribio yalisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida. Infliksimabu ilikuwa mbaya zaidi. Katika jaribio la ATTACH lililochapishwa mwaka 2003, lenye wagonjwa 150, waliopewa dozi kubwa ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito walikufa au kulazwa kwa moyo zaidi ya waliopewa dripu isiyo na dawa. Alama za mchochota zilishuka, wagonjwa wakaumia. Sijui mfano mwingine unaofundisha somo hili kwa ukali namna hiyo.

Upande wa interleukini-1, kemikali nyingine ya seli za kinga, hadithi ni tofauti, japo haijakamilika. Jaribio la CANTOS la mwaka 2017 lilichukua watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa miligramu 2 kwa lita au zaidi, likawapa sindano ya kanakinumabu kila baada ya miezi mitatu. Dozi ya miligramu 150 ilipunguza mashambulio na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 15. Uchambuzi uliofuata mwaka 2019 ulionyesha kuwa kadiri dozi ilivyopanda ndivyo kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kulivyopungua. Hapo pangekuwa mahali pa kushangilia, kama si mambo mawili: maambukizi yanayoua yaliongezeka, na mamlaka ya dawa ya Marekani haikuiidhinisha kwa matumizi hayo. Isitoshe, washiriki walichaguliwa kwa kuwa na historia ya shambulio la moyo. Wengi hawakuwa wagonjwa wa moyo ulioshindwa.

Anakinra, ambayo huzuia interleukini-1 kwa njia nyingine na hudungwa chini ya ngozi kila siku, ilijaribiwa kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2017 wagonjwa 60 waliotoka kuzidiwa, wenye moyo dhaifu wa kusukuma, walifuatiliwa. Baada ya wiki mbili hapakuwa na tofauti ya maana, ila waliodungwa kwa wiki 12 uwezo wao wa kutumia oksijeni katika mazoezi uliongezeka. Jaribio jingine la wagonjwa 31 ambao moyo wao unasukuma vizuri lakini haulegei kujaa damu halikuona faida hiyo, ingawa CRP ilishuka. Ukiziweka sindano hizi mbili sambamba na dawa za TNF, interleukini-1 inashinda kwa usalama wa moyo. Lakini kuipendelea dawa ya kila siku, yenye hatari ya maambukizi, kwa ushahidi wa wagonjwa 60, ni jambo la kufanyika ndani ya utafiti au pale ambapo mgonjwa ana sababu nyingine ya kuihitaji.

Kolchisini na prednisoloni zinapotolewa kwa ajili ya moyo wenyewe

Kwa kuwa kolchisini ni kidonge cha zamani na imeonyesha kupunguza mashambulio kwa wenye ugonjwa sugu wa mishipa ya moyo, ni kawaida kuulizwa kwa nini mgonjwa wa moyo ulioshindwa asiitumie kila siku. Jibu limetafutwa mara mbili kwa uangalifu. Mwaka 2014 wagonjwa 279 wenye hali tulivu waliitumia au hawakuitumia kwa miezi sita. CRP ilishuka, lakini uwezo wao wa kufanya shughuli haukubadilika. Mwaka 2024 jaribio la COLICA nchini Hispania liliwapa dawa hiyo, kwa wiki nane, wagonjwa waliofika wakiwa wamezidiwa. Mchochota ulipungua tena, na kipimo cha NT-proBNP, ambacho hupanda moyo unapobanwa, kilishuka kwa usawa katika makundi yote mawili. Kwa hiyo kolchisini ni dawa nzuri ya jongo la mgonjwa wa moyo, na kwa aliye na ugonjwa wa mishipa ya moyo inaweza kuwa na nafasi yake, lakini kama tiba ya moyo ulioshindwa haijajithibitisha.

Prednisoloni ilijaribiwa kwa namna ya kushangaza zaidi. Katika jaribio dogo la CORTAHF la mwaka 2024, wagonjwa 101 waliolazwa kwa kuzidiwa, ambao CRP yao ilizidi miligramu 20 kwa lita, nusu yao walipewa miligramu 40 kwa siku kwa siku saba. Walijisikia vizuri zaidi kufikia siku ya saba, na matukio ya kuzidiwa tena yalikuwa machache kwao. Ni matokeo ya kuvutia kwa dawa ambayo sote tumefundishwa kuiogopa. Lakini wagonjwa 101 hawatoshi kubadilisha desturi ya wodi, wala haimaanishi kwamba mgonjwa ajianzishie steroidi akiwa nyumbani.

Mahali ambapo steroidi hazina mjadala mkubwa ni pale mchochota ulipo ndani ya msuli wa moyo na aina yake inajulikana: sakoidosisi ya moyo, yaani vinundu vya seli za kinga ndani ya msuli, au mchochota wa seli kubwa, ugonjwa adimu unaoua upesi. Katika mchochota wa kawaida wa msuli, jaribio la mwaka 1995 la wagonjwa 111 halikuona faida ya kukandamiza kinga kwa kila mtu. Lakini mwaka 2009 jaribio la wagonjwa 85 ambao sampuli ya msuli wao ilithibitishwa kutokuwa na virusi lilionyesha kwamba prednisoloni pamoja na azathiopirini ziliimarisha moyo. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili haikuwa dawa peke yake. Ilikuwa ni kujua kwanza kilichomo ndani ya msuli.

Tiba ambazo hazikuitwa dawa za mchochota

Yanayonishawishi zaidi yako upande ambao wengi hawauangalii. Dapagliflozini na empagliflozini zilianza kama dawa za kisukari. Katika jaribio la DAPA-HF la mwaka 2019, lenye wagonjwa 4,744 wenye moyo dhaifu, dapagliflozini ilipunguza kuzidiwa na vifo vya moyo kwa asilimia 26. Mwaka 2021 empagliflozini ilipunguza kwa asilimia 21 vifo vya moyo na kulazwa miongoni mwa wagonjwa 5,988 ambao moyo wao ulikuwa bado unasukuma vizuri. Kwenye maabara dawa hizi zinaonekana kutuliza baadhi ya njia za mchochota, lakini hakuna aliyezipa sifa kwa kushusha CRP. Zinatathminiwa kwa wodi ambazo wagonjwa hawakuziona tena. Mtu ambaye bado hajaanzishiwa dawa za msingi, yaani kundi hili pamoja na vizuizi vya beta, spironolaktoni na jamii ya enalapril au sakubitrili, kulingana na aina ya moyo wake, hana sababu ya kuanza kuulizia sindano za kutuliza kinga.

Semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, inastahili kusimama peke yake. Jaribio la STEP-HFpEF la mwaka 2023 lilikuwa na wagonjwa 529 wanene ambao moyo wao unasukuma vizuri. Baada ya wiki 52 za sindano ya miligramu 2.4 kwa wiki, uzito wao ulipungua kwa asilimia 13.3, CRP ikashuka kwa asilimia 43.5 ikilinganishwa na 7.3 kwa wale wasioipata, na dalili zao zikapungua waziwazi. Hapa ndipo maswali yangu mawili yanapopata jibu la ndiyo kwa pamoja, na sababu inaeleweka: chanzo cha mchochota kilikuwa mafuta, na mafuta ndiyo yaliyoondolewa. Kwa mgonjwa mwembamba anayezidi kukonda, dawa hiyohiyo haina mantiki hiyo.

Ulinganisho wa rosuvastatini unaonyesha upande wa pili. Ni dawa inayoshusha kolesteroli na CRP, lakini katika majaribio mawili makubwa ya mwaka 2007 na 2008, yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 9,500 wenye moyo ulioshindwa, haikupunguza vifo. Anayeitumia kwa sababu ya mishipa yake aendelee. Kuanzishiwa kwa ajili ya moyo ulioshindwa peke yake si sawa.

Na madini ya chuma? Mchochota huliamuru ini litoe hepsidini, homoni inayofunga mlango wa utumbo, na chuma kinachomezwa hupita tu. Mwaka 2017 jaribio la wagonjwa 225 waliomeza vidonge vya chuma kwa wiki 16 halikuonyesha nafuu katika mazoezi, ilhali chuma cha kudungwa kwenye mshipa kimewapunguzia dalili wagonjwa wenye upungufu. Mgonjwa aliyemeza vidonge miezi minne, choo kikawa cheusi na uchovu ukabaki vilevile, hakukosea kuvimeza. Vilipelekwa kwenye mlango uliofungwa.

Mgonjwa mwenye baridi yabisi na moyo ulioshindwa kwa pamoja

Huyu ndiye ambaye uchaguzi wake ni mgumu kuliko wote, kwa sababu viungo vyake vinahitaji dawa za kutuliza kinga na moyo wake unaziogopa baadhi. Methotreksati ya dozi ndogo, dawa ya kutuliza kinga, inabaki kuwa mahali pazuri pa kuanzia. Jaribio la CIRT, la watu 4,786 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, halikuona ikiwalinda dhidi ya mashambulio, lakini lengo hapa ni viungo. Ikiwa haitoshi, miongozo ya Marekani ya magonjwa ya viungo ya mwaka 2021 inapendelea, kwa wenye dalili za moyo za kiwango cha tatu na cha nne, yaani vile viwili vikali kati ya vinne, dawa ambazo hazizuii TNF. Anayezitumia tayari na moyo ukaanza kushindwa anahitaji kuangaliwa upya, asiachiwe aendelee kwa mazoea.

Kwa vitendo, kinachokwamisha mara nyingi si uhaba wa dawa bali ni kwamba daktari wa viungo ana orodha moja na daktari wa moyo ana nyingine, huku diklofenaki aliyoinunua mgonjwa mwenyewe ikiwa haimo kwenye orodha yoyote. Katika ziara ijayo, alete dawa zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na jeli na vidonge vya povu, na daftari la uzito wa kila asubuhi. Ongezeko la zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu tangu dawa mpya ianze linatosha kumfanya apige simu siku hiyohiyo badala ya kungoja tarehe ya kliniki.